Wageni Waliouliza Habari za Ng'ombe

Mwanangu, siku ile mwandishi wa habari aliponipigia simu kutoka Mwanza naikumbuka kama jana, na aibu yake bado ninayo. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka kwetu Itiryo kuja kumsaidia mama mdogo Wankuru kwenye kambi yake ya wageni huku Ikoma, kando ya mbuga ya wanyama. Hema nne tu, alizoachiwa na marehemu mumewe. Wageni walikuwa wamekatika kabisa. Kiangazi kikiisha vile, angeuza hema na kufunga.

Nilimpenda sana mama huyu, nikataka kumwokoa haraka. Nilijua gazeti likipata habari kutokana na maoni ya wageni mtandaoni, litaandika na kuweka linki ya tovuti yetu, na watu wanaotafuta pa kulala Ikoma watatuona. Tatizo maoni yetu yalikuwa machache, na mgeni mmoja alilalamikia maji ya kuoga, eti baridi! Basi nikawapigia ndugu zetu, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari: andikeni kama vile mmelala hapa. Jamani, waliandika siku hiyohiyo. Nikajumlisha sifa zao, lile la maji nikaliacha, nikampelekea mwandishi.

Akapiga. "Dada, mbona wageni wako wote wanaanza na shikamoo? Wanauliza kama ng'ombe wamepata maji. Hakuna hata mmoja aliyeona swala?"

Weee! Nilitamani ardhi ipasuke. Ndugu zangu wamelelewa vizuri, hawawezi kumwandikia mama wa watu bila kumsalimia.

Nikamweleza mama mdogo yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza:

"Na yule wa maji baridi umemweka wapi?"

"Nimemwacha, mama."

"Mwanangu, huyo ndiye aliyekuja."

Hakunigombeza zaidi, ila nililia. Nikawaomba ndugu wafute. Halafu nikakaa siku nyingi nikisoma maoni ya wageni wa kweli, ya kwetu na ya kambi za jirani, naandika kwenye daftari kila walichosifu na kila kilichowaudhi. Wengi wa kambi za jirani walisema wameondoka bila kula na mwenyeji hata mmoja. Wa kwetu, hata yule wa maji, walimtaja mama mdogo aliyekaa nao kula ugali. Nikampelekea mwandishi hesabu yote, maji baridi yakiwemo, na nikaomba radhi.

Alikawia, nikakata tamaa. Kisha akaandika, akaweka linki yetu, na tovuti za wasafiri zikaichukua habari hiyo na linki yake. Kabla kiangazi hakijaisha tukapata ujumbe kutoka mbali: "Tumesoma habari zenu. Maji yamepata moto?" Mama mdogo alikuwa ameshajenga jiko la kuchemshia.

Sasa nasikia wewe ndiye unayeshika tovuti ya kambi. Nakuomba, usimtungie mtu maneno, wala usimfiche anayelalamika. Soma wote, hesabu wote, rekebisha kwanza, ndipo uwatafute waandishi. Linki uliyoipata kwa uongo utaishi unaiogopa.

Nenda, mwanangu. Mungu akuletee wageni wa kweli, na kila atakayekuja akukute umeshachemsha maji.