Jani la Nafula

Hebu mwone kwanza akifika. Ni saa nne ya asubuhi, mwezi wa Novemba, jua la Al Wukair, kando ya Doha, limelegea kidogo, na mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji tangu utotoni anaingia kwenye lango la kompaundi akiburuta tawi kavu lililomzidi urefu. Tawi linachora mstari vumbini nyuma yake. Mlinzi anamuuliza kama siku hizi huko ndani wanapikia kuni. Nafula anamjibu, bila kusimama, kwamba leo hawapiki, leo wanapanda mti.

Hakuwa anatania. Tawi alilipata kwa mtunza bustani wa kompaundi, na lilikuwa lisimamishwe sebuleni kwa Madam Cheryl, ndani ya chungu kilichojazwa kokoto, lipakwe rangi nyeupe, kisha litundikwe majani ya karatasi. Madam mwenyewe ni Mkenya kama yeye, mzaliwa wa Nyamira, ila ameolewa na Mmarekani anayesimamia idara katika shule moja ya kimataifa hapa Doha. Kila mwaka mwezi huu nyumba ile hufanya sikukuu ya kwao mume: siku ya kutoa shukrani, familia kukaa meza moja, na ndege mkubwa wa kuoka. Kwa kalenda yao huwa Alhamisi. Lakini Alhamisi ya Doha watu wako kazini, basi wao huila Ijumaa mchana.

Na nyumba sharti ifanane na msimu. Huko Marekani, Madam alimweleza, wakati huu majani hugeuka mekundu na ya rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Doha haina majani ya kuanguka, ina vumbi. Kwa hiyo majani yalitoka stoo, kwenye katoni, ya kitambaa na ya plastiki, yamebanana mwaka mzima hadi yakakunjamana kama masikio ya mbwa mzee. Nafula aliyanyoosha moja moja kwa mvuke wa pasi. Akasuka shada la mlangoni. Akapanga maboga kwenye ngazi, makubwa chini, madogo juu, na akaonywa asije akayapika. Ya kutazamwa tu. Kwao Kimilili boga likikaa mahali wiki mbili bila kuliwa, jua wenye nyumba wamehama.

Alifanya kazi ile kwa siku tano, na aliifanya kwa moyo, na moyo wenyewe ulikuwa na sababu. Mkataba wake wa miaka miwili ulikwisha Juni. Ruhusa ya kwenda nyumbani ilikuwa ya Juni, ikawa watoto wa Madam wana mitihani. Ikawa Agosti, lakini Agosti wenye nyumba walisafiri wao, na paka hawezi kubaki peke yake. Oktoba akaambiwa asubiri sikukuu ipite. Na huku Kimilili macho ya mama yake yalikuwa yanafungwa. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kulia lilizima wakati wa Pasaka. La kushoto lilikuwa limebakiza kijitundu cha mwanga, na daktari hakuficha: Mwaka Mpya hautalikuta. Mama alimwambia Nafula kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Sauti yako nitakuwa nayo siku zote. Uso ndio nauhitaji sasa."

Saida, dada wa Tanga anayefanya kazi nyumba ya pili, alimwambia sheria ya kumruhusu mfanyakazi kuacha kazi ipo, atoe taarifa aondoke zake. Nafula alijua ipo. Lakini pasipoti ilikuwa kwenye droo ya Madam, eti kwa usalama, na dawa ya matone ya mama ilinunuliwa na kazi hii hii. Alitaka kwenda na kurudi. Alitaka kuruhusiwa, si kutoroka.

Siku ya Jumatano walimaliza mti. Madam alileta karatasi ngumu za rangi, Nafula akakata majani kwa mkasi mpaka kidole kikafanya lengelenge. Kila mtu wa nyumba na kila mgeni angeandika jani lake, kitu anachoshukuru, alitundike, na lisisomwe mpaka watu wameketi mezani.

"Na wewe chukua lako," Madam akamwambia. "Si wewe ni familia? Andika kwa Kiswahili, wageni watapenda. Itapendeza na mti."

Nafula akachagua jani jekundu, akaenda nalo jikoni.

Sasa, mwenzangu, ili umwelewe ni lazima ujue alivyolelewa. Zamani kidogo kijijini kwao kulikuwa na kijito kilichokuwa kikizuia watoto wa shule wakati wa mvua. Siku ya mazishi ya jirani, chifu akiwa amekaa mbele kwenye kiti cha kitambaa, mama yake Nafula alisimama bila kuitwa, akasema kwa niaba ya akina mama anamshukuru chifu kwa lile daraja atakalowawekea kabla ya mvua. Hakuna aliyewahi kutaja daraja. Wanawake wakapiga vigelegele. Chifu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona hana pa kutokea. Mwezi wa tatu mbao zilikuwa juu ya kijito. Kushukuru ni kuomba tena, ndivyo tusemavyo, lakini mama yule aliitanguliza shukrani yenyewe: unamshukuru mtu hadharani kwa alichokuwa hajatoa, na aibu inakusaidia kumsukuma.

Nafula akaandika, kwa mwandiko ule mzuri uliomfanya tangu shuleni awe mwandishi wa barua za nusu ya kijiji:

*Namshukuru Mungu na Madam Cheryl kwa kunipa ruhusa niende nyumbani Desemba, mama yangu anione uso kabla macho yake hayajafungwa.*

Akalitundika juu, mahali mkono wa mtu mrefu ungelifikia wa kwanza.

Ijumaa walikuja watu kumi. Tisa walikuwa Wamarekani na Waingereza wa pale shuleni na wake zao na waume zao, na wa kumi alikuwa Mkenya, Mwalimu Cornelius, mwalimu wa hesabu. Nafula alimjua, kwa sababu kanisani kule Mesaymeer, ambako ibada huwa Ijumaa, ndiye huwapokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti. Leo Nafula hakwenda kanisani, alikuwa na ndege ndani ya jiko. Alipomwona Cornelius akivua viatu pale mlangoni chini ya shada, alifurahi kama aliyepata shahidi.

Wakala. Wakasifu mti, wakasifu maboga, mama mmoja Mmarekani mwenye nywele nyeupe akasema amesahau kama yuko jangwani, akatokwa na machozi kidogo. Kisha Madam akasimama na kuanza kuchuma majani. Mmoja alishukuru kwa watoto wake. Mmoja kwa kupona mgongo. Mwingine kwa kiyoyozi, na meza nzima ikacheka. Nafula alikuwa amesimama kwenye kona ya meza na bakuli la mchuzi, na bakuli lilikuwa la moto, lakini hakuliweka chini.

Madam akachuma lile jekundu.

"Hili ni la Nafula wetu," akawaambia, na akasoma kwa sauti ya kuimba maneno ya kwanza, namshukuru Mungu na Madam Cheryl, wageni wakatabasamu kusikia jina analolijua kila mtu katikati ya lugha wasiyoijua. Kisha akanyamaza. Macho yake yalishuka mpaka mwisho wa jani. Nafula aliona kidole gumba cha Madam kikikaza ukingo wa karatasi mpaka ukucha ukawa mweupe.

Alipoinua uso alikuwa anatabasamu vilevile. Akawatafsiria kwa Kiingereza. Kiingereza cha Nafula si cha kuandikia vitabu, lakini hicho alikielewa neno kwa neno. Nafula anamshukuru Mungu na anamshukuru Madam, Madam alisema, kwa sababu katika nyumba hii amepata nyumbani, hata kule alikotoka hakumwiti tena.

Meza ikatoa pumzi ya huruma. Yule mama wa nywele nyeupe akainuka, akamkumbatia Nafula na bakuli lake, mchuzi ukamwagikia sakafuni, akasema haidhuru, haidhuru. Mume wa Madam akainua glasi. Jani likapitishwa mkono kwa mkono ili watu waone mwandiko, na wote wakausifu mwandiko, mpaka likamfikia Mwalimu Cornelius.

Cornelius alisoma. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya watu waliojifunza kusoma kwa kuimba. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Nafula hakumwondolea macho.

"Si nimetafsiri vizuri, Mwalimu?" Madam akamuuliza, kwa Kiswahili, taratibu.

Watu wote wakamgeukia, hata waliokuwa hawajaelewa swali. Mume wa Madam, ambaye ndiye mkuu wa idara ya Cornelius na ndiye angetia sahihi mkataba wa Cornelius Januari, alikuwa bado ameshika glasi hewani.

"Vizuri sana, Madam," Cornelius akasema. Akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba Kiswahili kina utamu wake, huwezi kuuhamisha wote. Wakapiga makofi.

Akaja jikoni baadaye na sahani yake mwenyewe, kana kwamba kubeba sahani kungepunguza kitu. Nafula alikuwa anasugua sinia.

"Mwalimu, ulisoma?"

"Nilisoma, dada."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho." Aliiweka sahani karibu na sinki. "Lakini na wewe, jambo kama hilo ungemwambia pembeni. Siku ya watu hii." Nafula akachukua sahani akaiosha. Cornelius alisimama pale akingojea kusamehewa, na alipoona hakuna kinachokuja akarudi kula keki.

Wageni walipoondoka, na jua likiwa bado halijatua, Madam aliingia jikoni akafunga mlango. Hakuwa na hasira. Nafula angependa awe na hasira.

"Umesahau mimi natoka wapi?" aliuliza. "Hao wazungu wanaona jani. Mimi naona kamba ya mtego."

Nafula akasema hakuwa na nia mbaya.

"Najua nia yako. Mama yangu alisimama mbele ya wazazi wote akamshukuru mwalimu mkuu kwa karo ambayo alikuwa hajaisamehe. Akaisamehe, na ndiyo mimi nikasoma." Akacheka kidogo. "Kwa hivyo usinichezee mchezo ulionisomesha. Nikikubali leo, kesho utanishukuru kwa nini? Gari?"

"Madam, ni macho tu. Hayangoji."

"Nilikuwa nimeanza kufikiria hiyo Desemba, unajua? Haki ya Mungu, nilikuwa nimeanza." Alifuta kitu kisichokuwepo juu ya meza. "Sasa ni baada ya Pasaka. Ukiniuliza tena kabla ya hapo, ni baada ya kiangazi. Na usiniangalie hivyo kana kwamba nimekuulia mtu. Simu si unayo? Si mnapigiana video kila wiki? Mama anakuona."

Kisha akamkumbusha kwamba kesho majani yote yatoke, ya Krismasi yaingie, na tawi lisitupwe, litafaa kwa taa.

Kama zile habari za Desemba zilikuwa kweli, au zilisemwa ili zichome, Nafula hakupata kujua. Alilala nazo zote mbili.

Jumamosi saa tisa alasiri, sebule nusu ina majani na nusu ina nyota za fedha, simu ikaita. Ni Hannah, dada yake mdogo, anayekaa na mama. Video. Nafula alikuwa amejiandaa kwa maneno: kwamba kazi imebana, kwamba ni miezi michache tu, kwamba Pasaka si mbali. Alikuwa amevaa yunifomu yake ya kijivu na kitambaa cha kijivu kichwani, na akaisimamisha simu kwenye boga ili mama amwone vizuri.

Hannah akaigeuza simu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti nje, amepakwa mafuta, amevalishwa leso mpya kama anayekwenda kupigwa picha.

"Ee, mwanangu," mama akasema. "Nakuona. Umenenepa, hata."

Nafula akamsalimu. Akaona uso wa mama ukifuata sauti, ukapita simu kidogo, ukatua mahali penye ukuta.

"Hilo gauni jekundu limekukaa," mama akaendelea, kwa furaha. "Jekundu ni rangi yako tangu utoto. Hannah, si limemkaa?"

 Hannah akaishusha simu, picha ikaonyesha magoti ya mama, kisha akaiinua tena.

"Kwa hiyo usijisumbue na safari za haraka," mama akasema. "Kaa na kazi yako. Hata ukija mwaka ujao, mimi nakuona tu, hivi hivi ninavyokuona sasa. Au sivyo?"

Akabaki amegeukia ukuta, anatabasamu, anangoja jibu. Nafula aliuvuta upindo wa yunifomu ile ya kijivu, akafungua mdomo, na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa hayakuwa yanafaa tena kitu. Sasa wewe uliyekaa hapo ukasikiliza mpaka mwisho, niambie: angesema kwamba gauni ni jekundu?