Injini Imezima, Pipa Halijasimama

Siku ile ya machimboni Mwakitolyo naikumbuka mpaka leo, mwanangu Masanja, na jana umeniamshia upya. Kaa chini unisikilize. Usiniambie zamu yako imefika. Itasubiri.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka kwetu Ushetu kwenye tumbaku, nikaenda kusaga mawe ya dhahabu. Karasha letu lilikuwa pipa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda, wazi hivyo hivyo, hata wavu wa kuku hakuna. Siku hiyo mkanda ukaanza kuchomoka kwenye puli, gurudumu linaloushika. Msimamizi akazima injini, akapiga kelele, "Imezima! Rudisha mkanda huo, tusipoteze muda!" Injini ilikuwa imezima kweli. Lakini pipa lililojaa mawe na magololi ya chuma, nani aliliambia litulie? Lilikuwa bado linazunguka, nami nikapeleka mkono kama nilivyoamriwa. Vidole vitatu, mwanangu, vilibaki pale kwenye puli. Na yule bwana akaniuliza kwa nini sikuangalia. Mimi! Mpaka leo nikimkumbuka natamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Mama yangu alikuja hospitali, kanga yake imejaa vumbi la njiani. Hakulia. Aliniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, hilo lidude lilikuwa limesimama?"

Nikamjibu, "Mama, walisema imezima."

Akafoka mpaka nesi akachungulia mlangoni. "Sijakuuliza kama imezima! Nimeuliza lilikuwa limesimama? Nani kakufundisha kwamba hayo ni neno moja?"

Nilimwona ananionea, maana hata ganzi ilikuwa haijaisha. Leo najua alikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwepo pale kazini, na aliyekuwa karibu naye ni mimi tu.

Haya. Jana nilikuletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kazini kwako, nikafurahi kuona karasha la kisasa. Lina uzio wa wavu na geti. Lina sensa mbili zinazotazama shafti, kile chuma kinachozunguka pamoja na pipa. Pipa likizidisha mwendo zinazima injini zenyewe, na injini ikizimwa taa inabaki nyekundu, geti halifunguki mpaka pipa litulie kabisa. Nikasema moyoni, laiti na sisi tungekuwa nazo. Halafu nikatazama vizuri. Taa inawaka kijani, geti liko wazi, na pipa linazunguka! Sensa zote mbili mmezigeuza zinatazama ukuta. Ukuta hauzunguki, kwa hiyo zinasema pipa limesimama. Ebo! Mmekifundisha kifaa kusema uongo, tena uongo wa kuwakata mikono nyinyi wenyewe!

Nikakuuliza, ukacheka. "Baba, hiyo taa inatuchelewesha. Injini ikishazima si imezima?"

Neno lile lile! Kidogo nikurushie lile bakuli la matobolwa mbele ya wenzako.

Na huyo bosi wenu usinitetee. Anapita pale kila siku, anaiona taa, ananyamaza, kwa sababu mkono si wake. Siku ukikatwa atatafuta kijana mwingine wa kurudisha mkanda, na wewe utaulizwa kwa nini hukuangalia.

Basi nisikie. Leo, kabla injini haijawashwa, zirudishe sensa zile zitazame shafti. Bosi akikataa, usiwashe. Akikufukuza, njoo nyumbani, nitakupokea na wala sitakuhoji. Mtu akikwambia imezima, wewe muulize kama pipa limesimama, umuulize mpaka achoke. Na mwenzako akitaka kuingiza mkono, usimruhusu kwa sababu tu kelele za injini zimekatika. Subirini taa, hata kama inawakera.

Hujawahi kuniuliza kwa nini hapa kwetu mama yako ndiye anayekamua ng'ombe kila siku, mvua, jua, hata akiwa na homa. Ulidhani baba yako mvivu. Nimejaribu, mwanangu, kwa mkono huu wa vidole viwili. Ng'ombe ananigeukia ananitazama, maziwa hayatoki.

Haya nenda, umechelewa kwa ajili yangu, waambie hivyo. Mungu akutangulie kwenye hilo geti, akurudishe jioni na vidole vyako vyote kumi, uje umpokee mama yako ndoo.