Chumba cha Viatu kwenye Mteremko wa Baba

Plastiki iliyolowa ina harufu yake, na aliyekulia nilipokulia mimi hawezi kuikosea. Ongeza soksi za watu usiowajua, chipsi zinazokaangwa kwenye mafuta ya juzi na nyasi za Edmonton, kaskazini mwa Landani, baada ya mvua, hapo umefika kwa baba yangu. Baba alikuwa na mteremko wa skii usio na theluji hata chembe. Kilima chenyewe kilikuwa jalala la zamani lililofukiwa kwa udongo, na juu yake ilitandazwa mikeka ya plastiki yenye manyoya magumu kama ya brashi ya kusugulia sakafu. Mabomba madogo yaliinyunyizia maji ili iteleze. Ukianguka, mikeka ilikuchuna vidole na viwiko, ndiyo maana pale mapokezini kulikuwa na boksi la plasta kubwa kuliko boksi la biskuti. Chini ya kilima palikuwa na kibanda cha mbao chenye mkahawa, ofisi ya Baba, na chumba cha kuhifadhia viatu vya kuazimisha wateja.

Baba ni mtu wa Machame. Alikua akiiona theluji ya Kibo kila asubuhi akienda shule, lakini hakuwahi kuigusa. Alikuja Landani, akaendesha basi miaka kumi, halafu siku moja akarudi nyumbani na kutuambia kwamba amechukua ule mteremko kutoka kwa Mwingereza mmoja aliyezeeka nao, pamoja na mkataba wa kukodi ardhi uliobakiza miaka kumi na minane. Mama, ambaye alifanya kazi ya kuhudumia wazee, alisema, “Haya, Mchaga kaacha kahawa, kaja kuuza mteremko.” Kwenye harusi na misiba Watanzania wenzake walimwita Mzee Theluji, naye alifurahi kama aliyepewa cheo. Hakujua kuteleza. Hakuwahi hata kuvaa skii. Alisimama chini ya kilima amevaa koti la suti na kofia ya sufu, akiwapigia kelele watoto wa Kiingereza wakunje magoti. Walimtii, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nasema ukweli: nilimwonea aibu baba yangu. Vuli ninayoisimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ndiyo kwanza nimeanza sekondari, katika shule ambayo wasichana walijua bei ya begi lako kabla hawajajua jina lako. Nyumbani nilielewa Kiswahili chote, lakini nilijibu kwa Kiingereza, na Baba akiniita kwa sauti mbele ya watu nilijifanya sijasikia. Nilitaka baba wa kawaida, mwenye ofisi ya kawaida, anayenuka kahawa ya kwenye kikombe cha karatasi.

Mjomba Bahati aliingia maishani mwetu mwezi Septemba wa vuli hiyo. Hakuwa mjomba wetu kwa damu. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, mwenye mabega mapana na viatu vilivyopigwa rangi kila siku, ambaye Mama alimkuta kanisani. Alikuwa amesubiri karatasi zake za ukimbizi miaka mitatu. Zilipotoka alipewa wiki chache tu ahame nyumba aliyowekwa na serikali, kwa hiyo habari njema ilimkuta akitafuta pa kulala. Kwetu tulikuwa na vyumba viwili. Alilala sebuleni wiki mbili, akikunja blanketi lake kabla hatujaamka ili tusione kwamba anatubana, kisha mwenyewe akamwomba Baba amruhusu alale kule mteremkoni, kwenye chumba cha viatu, ambako kulikuwa na joto la kukaushia viatu. Mchana angerekebisha mikeka. Baba alikubali.

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na sote tuliijua. Mkataba ulikataza mtu yeyote kulala kwenye ile ardhi. Mwaka uliotangulia Baba alimlaza pale kijana mmoja aliyekuja kutoka Tanga, mwenye ardhi akapata habari, ikaja barua ya onyo: ikitokea tena, mkataba unavunjwa. Mwenye ardhi ilikuwa kampuni iliyotaka kile kilima kwa ajili ya kujenga, na ilichotafuta ni sababu tu. Mama alimkumbusha Baba kuhusu barua ile, na onyo la wakili wetu, mezani, tukila. Baba aliweka kijiko chini. “Mama Neema, nimwambieje? Nimwambie solicitor kasema no? Mtu kaja kwangu, mimi nina paa na heater, yeye alale kituo cha basi?” Halafu akanigeukia mimi. “Neema, ukiulizwa, uncle anakuja asubuhi kufanya kazi, jioni anaondoka. Umesikia?” Nikajibu, “Yes, Baba.” Nilisikia vizuri sana. Sitaki msomaji anionee huruma akidhani mtoto hakuelewa.

Mwezi Novemba msichana mmoja wa darasani, Hannah, ambaye nilikuwa nimeutafuta urafiki wake kwa wiki nane bila kuona haya, alifanyia sherehe ya kuzaliwa kwake palepale. Mama yake ndiye aliyepachagua. Walikuja Jumamosi asubuhi, wasichana kumi na wawili, mapema kuliko walivyotegemewa. Nilikuwa kaunta nikipanga viatu kwa namba. Siku hiyo pia alikuwepo bwana mmoja wa ile kampuni yenye ardhi, mkaguzi aliyekuwa akija kila baada ya wiki chache na mkanda wa kupimia. Alikuwa ameegemea kaunta akinywa chai ambayo Baba alikuwa amemtengenezea kwa mkono wake kabla ya kwenda kufungua maji ya mikeka, akidhani Mjomba Bahati ameshatoka kwenda kilimani. Mkaguzi au si mkaguzi, kwa Baba mgeni ni mgeni, na ile chai ilitiwa tangawizi.

Mlango wa chumba cha viatu ukafunguka na Mjomba Bahati akatoka amevaa pajama, mswaki mdomoni, miguuni amevaa viatu vya skii vilivyofunguliwa vifungo, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu. Alipotuona alitoa mswaki, akatabasamu kwa povu jeupe, na kuniambia, “Mutoto yangu, umeamuka muzuri?” Wasichana walicheka hadi mmoja akakaa sakafuni. Hannah akaniuliza kama yule ni mjomba wangu. Nilihisi uso unawaka. Nikasema kwa Kiingereza safi kabisa, kwa sauti ya kusikika, “Si mjomba wangu. Ni mtu tu anayelala hapa.”

Mkaguzi aliweka kikombe chini taratibu. Akaniuliza kwa upole, kama mwalimu mzuri, anaishi humo? Bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema nimetania. Lakini wasichana walikuwa wananitazama, na nilitaka ijulikane bila shaka yoyote kwamba yule mwenye povu si wa kwetu. Nikajibu ndiyo, tangu Septemba. Nikaenda nikausukuma mlango nimwonyeshe godoro. Lilikuwa limetandikwa vizuri sana, Biblia juu ya mto, shati limetundikwa kwenye msumari wa viatu namba arobaini na mbili. Mjomba Bahati alikuwa amesimama pembeni yangu, na Kiingereza chake wakati ule hakikutosha kuelewa nilichosema. Alimpa yule bwana mkono, akamsalimia.

Kampuni ilimshtaki Baba, na kesi ilisikilizwa baada ya Krismasi. Sikwenda, nilikuwa shule. Baba alirudi jioni, akavua koti la suti, akalitundika, na kumwambia Mama, “Tumeshindwa. Wametupa mpaka mwisho wa March.” Mama aliketi na sare yake ya kazi bila kuvua hata beji. Mjomba Bahati alikuwepo. Alianza kulia, mwanamume mzima, akisema, “Ni mimi nimewaletea hii mambo. Nilitoka na mupajama, ule muzungu akaniona. Ndugu yangu, munisamehe.” Baba alimshika bega akamwambia yameisha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na friji. Nikaenda chumbani kufanya hesabu za shule, nikazipata zote. Mwezi wa tatu walikuja watu wakakunja mikeka na kuipakia kwenye lori. Baba akarudi kuendesha basi. Mjomba Bahati alihamia Sheffield, na tangu hapo kila mwaka mpya hupiga simu kwa Baba, na kila mwaka, kabla hajauliza hali ya mtu yeyote, huomba msamaha.

Sasa kile kilima kimesawazishwa na kuna maghorofa yenye balkoni za kioo. Mimi nina miaka thelathini na sita, nina binti wa miaka tisa anayenijibu kwa Kiingereza kama nilivyokuwa nikiwajibu wazazi wangu, na nalifahamu jicho analonitupia nikizungumza kwa sauti kwenye treni. Mwaka huu Baba alifanyiwa upasuaji wa moyo. Nikiwa naye nyumbani akipata nafuu, nikamwambia. Nilimweleza yote, kaunta, Hannah, godoro. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Alinisikiliza akichezea kifuniko cha dawa, kisha akasema, “Najua, mama. Yule mkaguzi aliiandika kwenye karatasi za court. Ukurasa wa nne. Binti wa mpangaji, umri miaka kumi na mmoja, alinionyesha kitanda.”

Wakati ule wa kesi wakili alimwambia njia iliyobaki ni moja: Baba aseme mahakamani kwamba binti yake ni mwongo, ana tabia ya kutunga mambo, na mimi niitwe nikubali. Baba alikataa. “Ulikuwa umesema kweli,” aliniambia. “Nikufundishe nini, kwamba kweli ni uongo, kwa sababu ya kilima?” Nikamuuliza, na Mjomba Bahati? Aliishi miaka yote akiamini ni yeye. Kwa nini hukumwambia? Baba akasema alishindwa, kwani angemwambia ingebidi amtaje mtoto wake. Alinipa namba ya simu ya Sheffield, akaiandika mwenyewe, akasema, “Ukimpigia, mwambie na mimi nilijua.”

Namba hiyo ninayo kwa wiki tano sasa. Nilipokuwa mtoto nilimsema mtu mbele ya watu kwa sentensi mbili, na hazikunichukua hata pumzi. Leo nina kazi nzuri, nasimama mbele ya mikutano na kuzungumza saa nzima bila karatasi. Mjomba Bahati anaishi peke yake, simu yake huita mara tatu tu kabla hajapokea. Najua hivyo kwa sababu nimempigia mara mbili, akasema “Hallo, ni nani?”, nikakata.