Pijo la Hafsa Mwosha

Hafsa anaosha maiti. Si kazi ya kujisifia, naye hajisifii. Mwanamke akifa Pongwe, au Mabawa, au huko juu Maramba, watu humpigia simu yeye. Hubeba beseni, kata, sabuni, pamba na karafuu maiti, akaenda. Akipewa kitu hupokea. Asipopewa hurudi kwake kukaanga mihogo, ndiyo inayomlisha.

Kwao ni Pongwe. Aliolewa na mtu wa Muheza, akaachwa, akarudi kwa mamake. Mamake alipokufa, aliyekwenda kumwosha ni mke wangu, Mwanakhamis. Wanawake wakamtaka Hafsa atoke chumbani. Hakutoka. Wakamvuta, akashika mguu wa kitanda. Mke wangu akawaambia wamwache. Akampa kata.

"Kama hutoki, mwaga maji," akamwambia. "Polepole. Anza upande wa kuume."

Tangu siku ile hawakuachana.

Mke wangu alikuwa na gari. Pijo 504, stesheni yenye nyuma ndefu, rangi ya maziwa. Aliachiwa na kaka yake aliyekuwa dereva wa teksi za Korogwe. Watu walimcheka, mwanamke na gari kuukuu. Wakifiwa hawakucheka. Beseni lilikaa nyuma, kitanda cha kuoshea kilifungwa juu kwenye keria. Kwenda aliendesha mwenyewe. Kurudi alimpa Hafsa usukani, na hivyo ndivyo Hafsa alivyojifunza gari. Mie sijui kuendesha. Nilikuwa kuli bandarini.

Mke wangu alipougua aliniita mie, akamwita mtoto wetu Yakoub, akamwita na shekhe wa mtaa. Akasema Pijo apewe Hafsa, afanyie kazi ileile.

"Nimesikia, mama," Yakoub akasema.

Sote tulisikia. Kisha akafa. Mwosha naye huoshwa. Aliyemwosha ni Hafsa. Hapo sina zaidi.

Hitma ilipokwisha Yakoub akachukua funguo. Akasema analipeleka sevisi kwanza, si vizuri Hafsa apewe gari bovu. Nikaona mwanangu ana akili. Ukapita mwezi, ukapita mwingine. Hafsa akawa anakwenda kwa bodaboda, beseni limefungwa mgongoni kwa kanga kama mtoto.

Siku moja nikasikia mngurumo uchochoroni, ukuta ukatetemeka. Nikatoka. Nikaona kitu cha zambarau kinatambaa kama mjusi aliyevunjika mgongo. Springi zimekatwa, tumbo linakwaruza mchanga. Vioo vyeusi. Rimu pana zinazometameta. Chini ya tumbo taa za buluu, mchana. Keria hakuna. Siti za nyuma hakuna, na pale lilipokuwa likikaa beseni zimepachikwa spika mbili kubwa kama masanduku ya chai. Usukani umevishwa manyoya. Niliyagusa. Yana unyevu wa jasho la watu. Nikaufuta mkono kwenye shuka yangu.

Yakoub akashuka anacheka.

"Shikamoo, baba. Unalionaje?"

Sikuitika. "Umelifanya nini?"

"Hii klasiki, baba! Vijana Dar wanaililia. Naikodisha harusini."

"Na Hafsa?"

"Hafsa tutamtafutia bajaji."

Nikatema mate. Akayaona, akajifanya hakuyaona.

Harusi ya kwanza ilikuwa hapa hapa Mabawa, kwa jirani, nami nilialikwa. Yakoub alilifukiza lile gari udi mpaka moshi ukatoka madirishani kama jiko la kuni. Bibi harusi akaingizwa na shela lake. Akafuata shangazi yake, Bi Tausi, mwanamke mnene mwenye sauti. Hata hajakaa, akainua kidole.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza. Kunanuka nini humu?"

"Udi, shangazi," Yakoub akasema.

"Udi naujua, nimeufukiza hujazaliwa. Nasema chini ya udi."

Akainama. Akanusa mlango, akanusa zulia. Kisha akapiga ukelele, ngoma ikasimama.

"Karafuu maiti! Jamani, mwanangu mmemtia ndani ya karafuu maiti!"

"Ni pafyumu ya gari hiyo, shangazi."

"Pafyumu ya kaburini! Hili si lile la marehemu Mwanakhamis? Mmelipaka rangi mkadhani hatulijui? Shuka, mwanangu, shuka usije ukaingia ndoani na nuksi!"

Bibi harusi akashuka mbio, shela likanasa mlangoni, likachanika. Mtu akapaza sauti, "Yakoub, yakhe! Bwana harusi umemwekea sanda kwenye buti?" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakampakia bibi harusi kwenye bajaji, wakaenda zao.

Mie nilisimama nikamtazama Bi Tausi. Ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Mamake yeye mwenyewe alipokufa aliendewa na mke wangu kwa gari hilo, mvua inanyesha, saa ambayo hakuna aliyetaka kutoka. Siku ile hakuziba pua. Nikarudi nyumbani bila kula pilau yao.

Baada ya hapo hakuna aliyelitaka. Yakoub akalipeleka gereji kwa Ayubu, litolewe harufu, auze.

Wiki hiyohiyo akafa mwanamke mmoja mbele ya Maramba. Masika yalikuwa yameingia. Hafsa akakodi bodaboda. Kwenye mteremko pikipiki ikateleza, beseni likapasuka, goti lake likachubuka mpaka mfupa ukaonekana. Akaendelea kwa miguu. Alipofika wameshachoka kungoja, wameshamwosha wenyewe, mbiombio, kama wanaosuuza sufuria. Nywele hawakuzifumua. Pamba hawakuwa nayo, wakachana godoro.

Alikuja mlangoni kwangu na matope mpaka kiunoni.

"Baba, nimechelewa," akasema. Hakulilia goti. Alilia zile nywele.

Kisha akajifuta. Akasema bodaboda wamekataa kupanda huko tena na mizigo yake, na mguu wake haufiki. "Bila gari, Maramba naiacha. Sitaki kuitwa tena na watu nisiowafikia."

"Na wakifa?"

"Wataoshwa kama alivyooshwa yule."

Nikavaa kofia, nikaenda gereji.

Ayubu fundi namjua tangu kijana, gereji yake iko uwanjani nyuma ya mashine ya unga. Nikamkuta Yakoub, na mgeni mmoja wa Arusha, jina lake Lucas, viatu vyeupe. Analizunguka gari kwa ncha za vidole asichafuke.

"Shikamoo mzee," Lucas akasema. "Nimeambiwa ni la familia. Msiwe na wasiwasi. Nitalirudisha kama lilivyotoka kiwandani, mpaka misumari. Halitaona matope tena."

"Litakuwa linafanya nini?"

"Litakaa. Nina banda, nina turubai laini. Jumapili nalitoa, watu wanalitazama."

Nikawatazama wawili wale. Mmoja amelivisha ngoma. Mwenzake anataka kulivisha sanda. Sikuona wa kumchagua.

"Gari hili la Hafsa," nikasema.

"Huo urithi, baba," Yakoub akasema.

"Ulisema umesikia."

"Nilisikia, lakini mama alikuwa mgonjwa."

"Shekhe hakuwa mgonjwa. Twende tukamuulize."

Yakoub akalipiga teke gurudumu. "Mpeni basi! Kwanza lenyewe linanuka uvundo. Halinifai kitu."

Ayubu aliacha kugonga.

"Huo unaouita uvundo," nikamwambia, "ulikuwa kwenye mikono ya mamako. Mikono hiyo ndiyo iliyokumegea tonge mpaka ukaota ndevu."

Yakoub akaziweka funguo juu ya boneti, akaondoka. Hajaja kwangu tangu hapo. Sijamwita.

Hafsa alipofika, anachechemea, Ayubu akamuuliza, "Haya, dada, unataka liweje? La kale au la kisasa?"

"Nataka liwake asubuhi," Hafsa akasema. "Nataka lipite Maramba masika. Nataka beseni likae lisicheze. Na nikiendesha nisikie simu."

"Basi?"

"Basi."

Ayubu akacheka. "Wateja wangu wote wangekuwa hivi ningekuwa na mvi chache."

Akafungua boneti, akatikisa kichwa. Injini imekwisha, vijana waliikimbiza bila mafuta ya kutosha, na spea za Pijo leo ni kutafuta meno ya kuku. Kulikuwa na Haisi imepinduka barabara ya Segera, bodi imekuwa chapati lakini injini nzima. Akasema atachukua hiyo, na gia zake.

Lucas hakuwa ameondoka. Akashika kichwa. "Injini ya Haisi ndani ya Pijo! Mzee, mnaliua gari!"

"Bosi, lilikuwa limeshakufa," Ayubu akasema. "Sie tunalitia figo."

Lucas akaenda zake, anakanyaga palipokauka.

Spika, rimu na zile taa za buluu Ayubu alizichukua badala ya ujira. Kuna mwenye baa alizitaka siku ileile. Wapatane. Springi akatafuta za pikapu, gari likainuka, likawa na miguu tena. Nyuma akapiga bati nene, akalitoboa tundu pembeni maji yatoke. Akachomelea pete ya chuma, beseni jipya linatumbukia humo halitikisiki. Keria akaiunda kwa mabomba. Vioo akavikwangua ule weusi kwa wembe, ukatoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Niliviokota mie, maana kuku walikuwa wanavila.

Zulia lilipong'olewa tukaona yaliyokuwa chini. Vizibo vya bia. Big jii zilizotafunwa. Vipande vya sigara. Kucha ya bandia ya mwanamke, nyekundu. Na vyote hivyo pale mke wangu alipokuwa akiweka sanda za watu. Niliomba maji nikanawa, nikaomba tena. Hafsa alikwenda na kisu, akayachana manyoya ya usukani, akayabeba kwa kijiti mpaka jalalani kama panya aliyeoza. Kisha akapiga magoti na goti lake bovu, akausugua ule usukani kwa majivu na ndimu.

Rangi ilibaki. Ya kupaka upya haikuwapo.

"Rangi hii inanitia kichefuchefu," nikamwambia.

"Wateja wangu hawaiangalii, baba," akasema. "Wala hawajanilalamikia bado."

Ayubu akacheka mpaka akakohoa. Mie nusura.

Haikupita muda simu ikaja, alfajiri, mvua imekesha. Mwanamke amekufa upande uleule wa Maramba, mzee, jirani ya wale wa kwanza. Aliyepiga akasema, "Tunajua barabara mbaya. Ukishindwa tuambie mapema, tuanze wenyewe."

"Msianze," Hafsa akasema. "Chemsheni maji, mningoje."

Akanijia kwanza Mabawa, maana nilimwambia sitabaki nyumbani. Likawaka mara moja. Pongwe tulipita bado giza. Lami ilipokwisha tukakuta lori limelala ubavu, na bodaboda wamesimama chini ya banda la mahindi. Mmoja akapiga mbinja. "Mama, hupiti huko! Hilo gari la disko!"

Hafsa akashusha kioo. "Utanisukuma nikikwama?"

"Nikusukume mie? Nimevaa jinzi mpya!"

"Basi nyamaza."

Akatia gia ya kwanza. Mteremkoni gari lilikwenda ubavu kama kaa, nikashika dashibodi, nikasoma nilichokijua. Tope likapiga vioo. Nyuma beseni halikulia. Kwenye mto mdogo maji yaliingia chini ya milango, yakatoka kwa lile tundu la Ayubu. Hafsa hakusimama. Amekunja uso tu, mikono yote miwili kwenye usukani, hivyohivyo alivyofundishwa. Tukapanda ng'ambo.

Tulifika jua halijapanda. Maji yanachemka uani. Wanawake wako mlangoni, mmoja ameshakunja mikono ya gauni tayari kuanza. Alipomwona Hafsa akaishusha.

"Umepitaje?" akamuuliza.

"Kwa gari. Nani ana kitana? Nataka na mafuta ya nazi."

Akaingia, pazia likashuka.

Vijana wakaja wakalizunguka Pijo, simu mkononi. Mmoja akaegemea boneti akatoa vidole viwili, mwenzake anampiga picha. "Kali hii! Washa muziki, babu!" Ndani yuko bibi yao. Niliwaambia waondoke. Wakasogea hatua mbili, wakaendelea kupiga kutoka huko. Nikaona haya mie badala yao, nikawapa mgongo.

Kupitia ukuta wa udongo nilisikia kata inaingia ndani ya beseni. Maji yanamwagwa polepole. Yanakoma. Yanamwagwa tena. Hakuna aliyekuwa anaharakisha. Mjane wa kiume, mzee kama mie, aliketi kwenye jamvi karibu nami. Baadaye Hafsa akatoa kichwa mlangoni, akamwita kwa upole.

"Babu, njoo umtazame. Nywele nimezisuka mikia mitatu."

Mzee akainuka. Alitoka uso umelowa, lakini anapumua vizuri. Mie nilijua anapumuaje.

Alizikwa baada ya adhuhuri. Tulirudi na matope mpaka juu ya keria, ile zambarau haionekani kabisa, na hapo ndipo gari lilipoanza kunipendeza. Hata hivyo nikamwambia Hafsa nitampa maji alioshe.

"La, baba," akasema, anasuuza beseni. "Wamepiga simu. Kesho naenda tena."