Miwani ya Karani wa Bei

Shirika la ndege limetangaza kwamba ukiikuta tiketi kama yao kwa bei nafuu kwingine, watakuuzia kwa bei hiyohiyo, mradi karani wao aione mwenyewe kabla haijapanda. Karani hana haraka. Huvua miwani, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa ncha ya mtandio, kisha hudonoa herufi za kompyuta mojamoja kama kuku aliyeshiba. "Pole, baba, imeshapanda," husema, tena kwa huruma ya kweli.

Leo bibi mmoja alipita mbele ya foleni yetu, simu mkononi. "Shikamoo, mama mkwe!" karani aliruka. Vidole kumi vikatimua mbio, na tiketi ikatoka kabla bibi hajakaa.

"Leo hufuti miwani, dada?" nikamuuliza.

"Naona vizuri tu."

Nilipomsogezea simu yangu, akavua miwani.