Mawese na Salamu Maria

Juzi, katika maabara moja mjini Kasese, nilimwona binti akipasha mafuta moto na kupima jinsi yanavyozidi kuwa mepesi. Mawazo yakanirudisha utotoni Bwera, mpakani na Kongo, kwenye kibanda cha mama.

Alasiri ile mvua ilishuka kutoka milimani, mawese yakaganda ndooni. Mama alibandika sufuria juu ya makaa, akainua kijiko cha mawese, akaanza Salamu Maria taratibu. Mwanzoni sala iliisha kabla tone halijadondoka. Harufu ilipotanda kibandani, tone lilianguka hata kabla ya "umejaa neema". Hivyo ndivyo alivyojua kwamba yameiva. Mimi nilidhani sala ndiyo iliyoyayeyusha.

Nikatoka, nikasimama nimeelekea upande wa Kongo, ambako baba alibaki tulipokimbia vita, nikasali mbiombio.

"Mutoto, unafanya nini?" mama aliuliza mlangoni.

"Ninaomba Baba akuje."

Alitoka nje. Kisha akapiga magoti topeni kando yangu, akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta.

"Baba hatakuja tena, mutoto yangu," alisema. "Lakini endelea. Tumuombee."

Tukaanza upya, polepole, sote wawili.