Kadi ya Dakika ya Kumi na Nane

Mimi nauza nyama. Nina bucha yangu, mizani yangu, na panga la kukatia mifupa ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulishika. Nayasema haya mapema kwa sababu kila Jumatatu asubuhi, baada ya mechi za raga za wikendi, wanaume wazima husimama mbele ya panga hilo wakamtukana mume wangu bila kujua kwamba ni mume wangu. Mmoja ataagiza kilo mbili za mbavu na hapo hapo atasema yule mwamuzi wa video ni kipofu, alizaliwa kipofu, na mama yake pia kipofu. Mama mkwe wangu anaona sisimizi akipanda ukuta wa jirani. Mimi nakata mbavu, natabasamu, na siku hiyo mteja huyo huondoka na mifupa mingi kuliko kawaida.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpaka leo watu wanamwita Mwalimu, hata mimi. Alichezesha raga uwanjani miaka kumi na moja mpaka goti likamgomea, ndipo ligi ya kulipwa ikamhamishia kwenye gari la video. Gari lenyewe huegeshwa nyuma ya uwanja karibu na vyoo, halina dirisha, na ndani mna skrini sita, viti vitatu na kiyoyozi kinachodondosha maji. Mwalimu hukaa katikati na vipokea sauti masikioni. Kushoto kwake hukaa fundi wa picha anayemtafutia marudio. Refa wa uwanjani akiwa na shaka husimamisha mchezo na kumwuliza, naye hujibu, na mazungumzo yao yote husikika kwenye televisheni nchi nzima. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo.

Katika raga, ukimkaba mtu ukamgonga kichwani, hesabu ya adhabu huanzia kadi nyekundu: unatoka na hurudi. Lakini ikionekana aliyegongwa aliinama au aliteleza ghafla, wakati wewe umeshajirusha, adhabu hushuka ikawa kadi ya njano, dakika kumi nje. Basi ni hapo tu, kateleza au hakuteleza. Kwa sababu hiyo Mwalimu alijitungia utaratibu. Kwanza anatazama tukio kwa mwendo wa kawaida, mara mbili, bila kutamka neno. Baadaye ndipo anaomba mwendo wa pole. Anasema mwendo wa pole unasingizia watu. Unamfanya mtu aonekane alikuwa na muda wa kufikiri, akafikiri, akachagua ubaya. Jambo hilo halimo kwenye sheria, ni lake yeye. Aliwafundisha wenzake wote, na aliyelikiuka alipigiwa simu na kusomewa somo refu huku chakula chetu kikipoa mezani. Nilikuwa nikimwambia kwamba kama siku ile ya kwanza angenitazama kwa mwendo wa pole, asingenioa.

Sasa Jumamosi moja, msimu umebakiza wiki tatu, timu ya wageni ilikuwa na mchezaji wanayemwita Seremala, kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha alipoanza kulipwa kwa kucheza. Miaka thelathini na minne. Wiki hiyo hiyo alikuwa amesema redioni kwamba anaomba mwaka mmoja tu zaidi, na klabu yake imemwambia itaamua kwa jinsi atakavyomaliza msimu. Dakika ya kumi na nane akamkaba mshambuliaji wa wenyeji, bega likampata kidevuni. Refa akasimamisha mchezo. Nikamsikia mume wangu kwenye televisheni ya bucha.

"Naona bega linagonga kichwa. Naona nguvu nyingi. Sioni cha kupunguza adhabu. Nyekundu."

Haikufika hata dakika moja. Seremala alitoka ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dakika ya sitini na sita, nahodha wa wenyeji akafanya yale yale, bega lile lile, kidevu kile kile, na safari hii mume wangu akasema, "Aliyebeba mpira ameinama. Njano." Nahodha akapumzika dakika zake kumi, akarudi, na wenyeji wakashinda kwa pointi mbili. Wateja waliokuwa bucha walitukana mpaka nikapunguza sauti ya televisheni, kana kwamba matusi yalikuwa yanatoka humo.

Jumapili Mwalimu hakula. Alikaa mezani na kompyuta tangu asubuhi, akiwa ameshika tama. Mchana akaniita.

"Mke wangu, hebu kaa hapa. Usiulize kitu, tazama tu."

Akanionyesha tukio la Seremala kwa mwendo wa kawaida. Lilipita upesi hata nikamwomba alirudie. Yule aliyebeba mpira mguu ulimponyoka kwenye majani, akashuka, kichwa kikaja chini kukutana na bega ambalo lilikuwa tayari njiani.

"Kateleza huyu," nikasema.

"Na hapa?" Akanionyesha tukio la nahodha.

"Huyu naye mwenzake kainama. Si yale yale?"

"Yale yale."

"Sasa mbona mmoja nyekundu na mwingine njano?"

Akasugua macho. Akanieleza kwamba dakika ile ya kumi na nane mashine ya kamera kuu ilikwama. Fundi wa picha, akiwa na kiwewe, akamwekea alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa mwendo wa pole kutoka kamera ya nyuma ya goli, ambayo haioni miguu. Refa anangoja, uwanja mzima unazomea. Mwalimu akaliona bega linapanda, linapanda, mpaka kidevuni, na moyoni akawa amekwisha kuhukumu. Picha ya mwendo wa kawaida ilipofika, aliitazama mara moja tu.

"Mguu ulikuwepo kwenye picha," akasema. "Unateleza mbele ya macho yangu. Sikuuona. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yule mtu ni mbaya."

Nilimhurumia, halafu papo hapo nikakasirika kwa kutwishwa mzigo huo siku yangu ya kupumzika. Maana tulijua wote wawili kilichokuwa kinakuja. Jumanne kamati ya nidhamu ingekaa. Mwalimu angeitwa kueleza kadi ile. Akisema ukweli, ingeshushwa ikawa njano, na Seremala angecheza mechi zilizobaki. Asiposema, ni wiki sita za kufungiwa, na msimu ulikuwa na tatu tu. Upande wetu, Mwalimu alikuwa ametajwa kuwa mwamuzi wa video wa fainali, ya kwanza katika maisha yake. Mwamuzi anayekiri kwamba amevunja utaratibu aliowafundisha wengine, hapewi fainali.

Jioni mkuu wa waamuzi akapiga simu. Nilimsikia, ana sauti ya mtu anayeongea na mwenzake wa ng'ambo ya bonde.

"Mwalimu, andika kilichotokea uwanjani. Mambo ya ndani ya gari yabaki ndani ya gari. Tumeelewana?"

Simu ilipokatika, mume wangu akanigeukia. "Unaonaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema fanya moyo wako unavyokutuma, kama wake wengine wanavyosema wakitaka kunawa mikono. Lakini mimi nina mdomo.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mechi imekwisha. Ukikiri hii moja, watakuja na nyingine mia mbili."

"Zile nyingine nilifuata utaratibu."

"Nani atakuamini? Miaka mitatu sasa nasikiliza watu wakikutukana huku nawafungia nyama. Mara moja tu nataka wakuone mahali pa juu. Seremala ana kazi yake ya mikono, hatalala njaa. Usijichome mwenyewe, Mwalimu."

"Ndivyo unavyoona?"

"Ndivyo ninavyoona."

Jumanne alivaa koti lake la kijivu akaenda. Aliporudi alisema maneno mawili tu, "Wiki sita," akanawa, akaingia kulala saa moja jioni. Nahodha wa wenyeji hakuitwa hata kuulizwa hali.

Kuanzia hapo sikuwa na mume, nilikuwa na mtu anayehakikisha vitu. Alifunga mlango akarudi kuutazama, akarudi tena. Nilimkuta jikoni amesimama mbele ya jiko lililozimwa, akiniuliza kama limezimwa. Usiku nilisikia vidole vyake vikibonyeza kompyuta, akirudisha nyuma tukio lile lile. Bucha nako habari zikaletwa na mteja mmoja mzee, dereva wa malori mstaafu, kwamba klabu imeachana na Seremala na amerudi kwenye randa na msumeno. "Angekuwa wa wenyeji angepewa maua," mzee akasema. Nilimkatia steki safi isiyo na mfupa hata mmoja, nikashindwa kumtazama usoni.

Siku ya fainali bucha ilijaa. Nusu yao hawakununua kitu, walikuja kwa ajili ya televisheni. Mume wangu hakusikika mpaka dakika ya sabini na mbili, timu zikiwa sawa. Beki mmoja akajirusha, bega likaenda juu, mtu akalala chini. Refa akasimamisha mchezo, akaweka mkono sikioni.

"Gari la video, nisaidie. Unaona nini?"

Wakaonyesha mwendo wa kawaida. Wakaonyesha tena. Wakaonyesha mwendo wa pole, kisha wa kawaida, kisha kamera ya upande mwingine. Utaratibu ulifuatwa vizuri kabisa. Dakika nne zikapita. Wateja walianza kucheka, wakaacha.

"Gari la video? Naomba jibu."

"Sijui," mume wangu akasema.

"Rudia?"

"Naliona bega. Nakiona kichwa. Kama kateleza au hakuteleza, natazama na sioni. Siyaamini macho yangu. Amua wewe."

Refa alibaki amesimama katikati ya uwanja, watu elfu hamsini wakimpigia kelele, halafu akatoa penalti tupu bila kadi yoyote. Bucha ikalipuka. Walisema amelewa, walisema amehongwa. Yule dereva mstaafu akauliza, "Huyu si ndiye yule wa kadi ya Seremala?" Nikaweka panga chini.

"Ndiye," nikasema. "Na ni mume wangu."

Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakijikohoza, kama watu wanaotoka msibani.

Jumatatu sikufungua bucha. Mkuu wa waamuzi alikuwa ameshapiga simu kusema Mwalimu apumzike, na kupumzika huko hakukuwa na tarehe ya mwisho. Nilidhani angevunjika vipande. Badala yake alioga, akavaa, akaitafuta namba ya Seremala kwa katibu wa ile klabu, akaketi kitandani kando yangu. Akapiga akiwa ameweka sauti kubwa, nadhani ili awe na shahidi. Upande wa pili mashine ilikuwa inapasua mbao, ikazimwa.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Mimi ni mwamuzi wa video. Wa kadi yako."

"Haya, nakusikiliza."

Mwalimu akamweleza yote, mashine iliyokwama, kamera ya nyuma ya goli, mguu ulioteleza. Hakujitetea hata kidogo. "Na nilikuwa najua kabla ya kikao," akamalizia. "Nimewaandikia kamati asubuhi hii. Nimesema kadi ifutwe."

"Ahsante. Ifutwe, watoto wangu waone." Sauti yake haikuwa na hasira, na nilitamani sana iwe nayo. "Lakini kwamba ulikuwa unajua, nililijua. Tulikaa meza moja siku ile ya kikao. Mwenyekiti alikuuliza kama una la kuongeza. Ukanitazama, ukafungua mdomo. Nikamgusa wakili wangu mkono nikamwambia ngoja, huyu baba anasema. Halafu ukafunga."

Mwalimu akahamishia simu mkono wa pili.

"Nimeshayapokea mengine yote," Seremala akasema. "Hilo ndilo linalonisumbua kila siku hapa kazini. Ulikuwa unasema kabisa. Ni nani alikuzuia?"

Mume wangu hakunitazama. "Hakuna," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Si kweli, kaka," nikasema. "Mimi ni mke wake. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilisema wewe una kazi ya mikono, hutalala njaa. Nisamehe."

Tulisikia simu ikilazwa juu ya ubao, haikukatwa, na baada ya muda mashine ikawashwa tena.